Sikojoi damu, mbona naambiwa nina kichocho?

Mpokeaji wa Kayenze:
Wakuu, shikamooni mliotangulia. Kazi yangu ni mwaloni Kayenze, ufukweni mwa Ziwa Victoria: mitumbwi ya dagaa ikiingia asubuhi nashuka majini hadi kiunoni, napokea ndoo, natoa nje. Tangu masika tumbo linanisokota, choo mara laini, mara kina utelezi na vidamu. Pale mtaani kuna duka la dawa, wanakutoboa kidole na jibu lao ni lilelile, taifodi na yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo). Dawa nimekunywa, sindano nimechomwa, napata nafuu kidogo halafu tumbo palepale.

Juzi shemeji akanivuta hadi zahanati, wakataka choo. Jibu: mayai ya kichocho. Sasa kwetu ni Kwimba, nimekulia mabwawani, kichocho nakijua, ni kukojoa damu. Mkojo wangu mweupe kabisa. Baba mkwe anasema ni kukalia mawe ya moto pale mwaloni. Nimepewa vidonge vinne vikubwa, eti nimeze vyote siku moja. Viko mfukoni mpaka sasa. Hawajanipa majibu ya mtu mwingine kweli?

Kapotive:
Mawe ya moto hayo mkuu, muombe baba mkwe akununulie kigoda 😂

Bibi Hadubini:
Marahaba, mwanangu. Nimestaafu maabara, lakini macho yangu yamekaa kwenye hadubini za wilaya za ziwani tangu ujana, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Majibu ni yako. Wewe umekutana na minyoo wawili wa ukoo mmoja, wote wa kichocho. Yule wa mabwawani na majaruba ya mpunga kwenu Kwimba hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, ndiyo maana watoto wanakojoa damu. Huyu wa ufukwe wa Ziwa Victoria hukaa kwenye mishipa ya utumbo. Mayai yake hutoka na choo, mkojo unabaki safi. Aliyekupima hakubahatisha: choo kinasuguliwa kwenye wavu mwembamba, kinawekwa kwenye kioo, na yai likionekana huna haja ya kubishana nalo. La Kwimba lina mwiba mkiani. La ziwani lina mwiba mmoja ubavuni, umetokeza kama mwiba wa waridi. Ukiliona mara moja hulisahau.

Mawe mwache baba mkwe ayakalie. Ugonjwa unaanzia kwenye choo cha mtu. Kinyesi chenye mayai kikifika majini, yai hupasuka, kidudu hutoka na kumtafuta konokono mdogo bapa anayeishi kwenye matete na magugu ya kando. Humo ndani kinazaana kwa wiki kadhaa, kisha konokono anaachia maelfu ya vijidudu vyenye mkia uliogawanyika nchani. Hawa wanatoka jua likiwaka, wengi zaidi kuelekea mchana, na wanatoboa ngozi nzima isiyo na jeraha ndani ya dakika chache. Ule muwasho unaousikia miguuni ukitoka majini, wakati mwingine ndio wao.

Tena mnyoo mwenyewe hana kelele sana. Dume na jike wanaishi wamekumbatiana ndani ya mshipa kwa miaka, na jike anataga mayai yanayofika mia tatu kwa siku. Yanayotoka na choo yametoka. Yanayobaki ndiyo balaa: mengine yananasa kwenye utumbo, ndiyo vidamu vyako, mengine damu inayabeba hadi kwenye ini. Mwili unayazungushia makovu, miaka inapita, damu haipiti vizuri kwenye ini, bandama inavimba, tumbo linajaa maji. Mwisho mishipa ya kooni inapasuka na mtu anatapika damu. Visiwani tumewazika vijana wa namna hiyo huku majirani wakisema wamerogwa.

Kuhusu taifodi yako ya kila mara. Taifodi ipo, inaletwa na bakteria kwenye maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na inaua. Lakini kile kipimo cha tone la damu kinatafuta kinga za mwili, hakimtafuti bakteria mwenyewe. Huku kwetu wengi tuna kinga hizo za zamani, au zinazofanana nazo. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu maabara, na duka la dawa haliwezi. Inanikera sana, watu wanachomwa sindano za bure na bakteria wanazizoea dawa.

Meza dawa zako. Inaitwa prazikwanteli, inapimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, hivyo vinne vya miligramu 600 ni vya mtu wa kilo 60. Kula ugali kwanza. Ni vichungu, usivitafune. Tumbo laweza kuuma na kichwa kuzunguka, kwa hiyo siku hiyo usipande mtumbwi.

Mama Anika:
Bibi, shikamoo. Mimi naanika dagaa Igombe. Dagaa wenyewe hawaambukizi? Wateja wakisoma hapa nitakosa hela ya ada. Na mabinti wanaosha vyombo ziwani, bomba liko mbali.

Bibi Hadubini:
Marahaba, mayu. Uza dagaa wako bila wasiwasi, kichocho hakiliwi, wala mgonjwa hamwambukizi mwenzake kwa kushikana au kula pamoja. Kwa mabinti: chota maji, yaache kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili kamili ndipo waoshee. Vijidudu vile visipopata ngozi vinakufa, mradi hujachota na konokono. Ya kunywa chemsha, maana kuna taifodi na kipindupindu. Anayechota avae mabuti ya mpira, asipitie kwenye matete. Na semeni na kamati ya mwalo juu ya choo. Najua pale ni mwamba na shimo halichimbiki, basi kijengwe cha kuinuliwa juu. Bila choo tutakuwa tunameza vidonge na kurudi kwenye maji yaleyale.

Mpokeaji wa Kayenze:
Asante bibi, leo jioni navimeza. Ndiyo nimepona moja kwa moja?

Bibi Hadubini:
Dawa inaua minyoo wazima, wachanga wanaponyoka. Na wewe kesho uko majini tena. Rudi upime choo baada ya wiki sita hivi, ukikutwa na mayai unapewa tena.

Mama Anika:
Na wa miaka mitatu? Shuleni wanapewa wakubwa tu.

Bibi Hadubini:
Mpeleke zahanati. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri kuanzia miaka miwili, na watu wazima pia. Mwambie muuguzi kwamba mnaishi mwaloni, na mpimwe nyumba nzima.