Mjadala: Ukiacha sukari na wanga kabisa, mwili unapona au unateseka?

Jabali (mleta mada)
Wadau, habari zenu. Nimeacha sukari na wanga vyote. Mkate sigusi, wali sigusi, viazi, soda, hata ndizi mbivu naipita kama sijaiona. Mizani imeshuka kilo kadhaa ndani ya wiki ya kwanza, na ule usingizi wa saa nane mchana umekwisha. Sasa nyumbani wananiambia najiua polepole, eti ubongo hauwezi kufanya kazi bila sukari. Mimi naona ni maneno ya watu waliozoea utumwa wa sahani. Mwenye hoja aje na hoja.

BintiMkweli
Mtu kaacha mkate juzi, leo sisi wengine tumeshakuwa watumwa. Haya mkombozi, tunasubiri siku ya uhuru.

Kipimo
Mkuu, hizo kilo za wiki ya kwanza ni maji. Mwili unaweka akiba ya glukosi kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, karibu gramu 500 kwa mtu mzima. Kila gramu moja imeshikana na maji gramu tatu hivi. Ukikata wanga, akiba inatumika na maji yake unayakojoa. Piga hesabu mwenyewe, unapata karibu kilo mbili na hapo mafuta hayajaguswa. Kula wali siku mbili uone zinavyorudi.

Jabali
Maji hayapunguzi kiuno. Mkanda umeruka tundu, Kipimo. Au na tundu nalo ni maji?

MzeeKobe
Vijana, mnagombana juu ya jambo la zamani. Mwaka 1863 kule London bwana William Banting alitoa kijitabu kuhusu alivyopungua unene kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Kazi yake ilikuwa biashara ya mazishi. Yaani lishe hii tumeletewa na mtu wa majeneza, halafu mnaulizana kama inaua.

BintiMkweli
Mzee umenichekesha. Ila mbona hakuna anayesema habari ya harufu? Nina jirani wa meza kazini ameacha wanga. Akifungua mdomo kukusalimia unageuka kutafuta nani anafuta rangi ya kucha.

Jabali
Mimi sinuki.

BintiMkweli
Nani kakutaja?

Tetesi
Anayenuka huwa hajijui, hilo linajulikana. Muulize mtoto mdogo, ndiye atakuambia ukweli.

Kipimo
Binti hajakosea. Insulini, ile homoni inayoingiza sukari kwenye seli, ikiwa chini, ini linavunja mafuta na kutengeneza ketoni, kuni za akiba za mwili. Ziko aina tatu na mojawapo ni asetoni, hiyohiyo ya kufutia rangi ya kucha. Inatoka kwa pumzi. Kwa wengi hupungua kadiri mwili unavyozoea.

Mchapakazi77
Ni dalili kwamba mafuta yanaungua. Jivunie!

BintiMkweli
Jivunie ukiwa mbali na meza yangu.

Tetesi
Kula pipi za mnanaa kaka, tatizo linakwisha.

Mchapakazi77
Pipi! Mtu kaacha sukari unampa pipi. Huu uzi una watu.

Nesi_wa_Zamu
Mmecheka vya kutosha. Harufu hiyo kwa mtu mwenye kisukari si ya kutania. Insulini ikimpungukia sana, ketoni hupanda bila cha kuzizuia mpaka damu inakuwa na asidi. Atatapika, atapumua kwa nguvu kama aliyekimbia, atachanganyikiwa, na asipowahishwa hospitali anaweza kufa. Tena kuna vidonge vya kisukari vinavyotoa sukari kwa njia ya mkojo, majina yake huishia na "gliflozini". Anayevimeza akikata wanga kabisa anaweza kufikia hali hiyo huku kipimo cha sukari kikisoma karibu na kawaida. Ndiyo maana anachelewa kushtuka. Jabali, wewe unatumia dawa yoyote?

Jabali
Mimi sina kisukari dada. Nyie watu wa hospitali mnapenda kutisha watu, mtu akipona bila nyie mnanuna.

SemaKweli
Kabla hujamrushia Nesi maneno, nisikilize. Shangazi yangu anachoma insulini. Alisoma ushauri mtandaoni kama huu wako, akaacha wanga, dozi akaiacha vilevile. Tulimkuta kakaa kitandani jasho linamtiririka mpaka gauni limeshikana na mgongo, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu mumewe. Sukari ilishuka sana. Tulimnywesha juisi kwa vijiko, na bahati yake alikuwa bado anaweza kumeza. Aliyemshauri yupo mpaka leo, anapokea pongezi tu.

Jabali
Pole kwa shangazi. Ila sasa mimi ndiye niliyemshauri?

SemaKweli
Sijasema ni wewe. Nasema unaandika "watumwa wa sahani" mahali ambapo mgonjwa naye anasoma.

Mchapakazi77
Mtu mzima anajua anaumwa nini. Tusiwafunge watu midomo kwa sababu kuna asiyemuuliza daktari wake.

BintiMkweli
Maneno ya mtu ambaye hajawahi kumnywesha mtu juisi kwa kijiko.

Kipimo
Wakati mnagombana, swali la mleta mada halijajibiwa, kwa hiyo nalijibu. Wa nyumbani kwake wamekosea kuhusu ubongo. Ni kweli ubongo hutumia kama gramu 120 za glukosi kwa siku, lakini si lazima uzile. Ini linaweza kutengeneza glukosi kutokana na protini na sehemu ya mafuta, na ketoni zinabeba sehemu kubwa ya kazi iliyobaki. Hapo Jabali ana haki. Mafuta ya damu yanayoitwa trigliseridi nayo kwa kawaida hushuka. Ila kuna watu lehemu mbaya (kolesteroli ya LDL) inawapanda vibaya sana, na huwezi kulijua hilo kwa kutazama mkanda, mpaka upime damu. Kuhusu unene, kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wa 2018, watu mia sita na kidogo kwa mwaka mzima. Kundi moja lilipunguza wanga, jingine likapunguza mafuta. Tofauti ya kilo zilizopungua haikufika hata moja. Na makundi yote mawili yaliambiwa yaache sukari ya kuongezwa na nafaka zilizokobolewa.

Jabali
"Haikufika hata moja." Kwa hiyo najitesa bure?

Kipimo
Umesoma sentensi moja tu katika zote hizo?

MzeeKobe
Isitoshe, lishe ya ketoni, yaani hii ya mafuta mengi na wanga kidogo sana, hospitali wanaijua siku nyingi. Mwaka 1921 daktari Wilder wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, aliipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na mpaka leo watoto ambao dawa zimeshindwa kuwatuliza hupewa. Lakini wanapewa chini ya uangalizi, kila mlo umepimwa kwa gramu.

Zinga
Samahani, nimechelewa. Asali je? Nimeacha sukari lakini chai natia asali. Asali ni tiba.

Kipimo
Asali ni glukosi na fruktosi zenye maji kidogo. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2015 limeiweka kundi moja na sukari ya kuongezwa, pamoja na juisi za matunda. Ushauri wao ni chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya 5, ambayo ni kama gramu 25.

Zinga
Nyuki hana kiwanda ndugu yangu. Huwezi kulinganisha nyuki na kiwanda.

Tetesi
Mzinga mzima una wafanyakazi maelfu, wana zamu, wana ghala. Hicho si kiwanda?

Zinga
Mnadhihaki riziki ya Mungu.

BintiMkweli
Kongosho lako halitambui riziki imetoka wapi, linaona glukosi tu.

Zinga
Wewe dada una majibu ya mkato sana. Kwenu mnaongeaje?

Jabali
Jamani tuachane na asali. Mimi nina swali jingine. Usiku misuli ya miguu inakaza hadi napiga kelele, na nikisimama ghafla naona giza. Choo nacho kimekuwa kigumu. Nani anajua kitu cha asili?

Nesi_wa_Zamu
Choo ni nyuzinyuzi. Umetupa matunda na nafaka, na mboga za majani hukuongeza. Hilo la kuona giza ndilo linalonitia wasiwasi. Insulini ikishuka, figo huachia chumvi na maji kwa wingi, presha inashuka, kichwa kinauma, misuli inakaza. Nilikuuliza kule juu kama unatumia dawa yoyote. Hukujibu.

Jabali
Nilijibu kwamba sina kisukari. Ya presha natumia, ile ya kukojoza, miaka sasa. Kwani inahusiana nini?

SemaKweli
Eeh.

Nesi_wa_Zamu
Inahusiana sana. Lishe inakutoa maji na chumvi, kidonge nacho kinakutoa maji na chumvi. Kesho asubuhi nenda wakupime presha umelala na umesimama, wakuangalie na potasiamu. Dozi usiikate mwenyewe, mwambie daktari umeacha wanga, yeye ndiye apange upya. Na ukiona giza tena leo, kaa chini hapohapo, usijikaze.

Mchapakazi77
Mkuu, si ulisema hutumii dawa?

Jabali
Sikusema hivyo. Rudi usome.

Zinga
Bado nasubiri mtu anijibu kuhusu nyuki.