Re: Tunahamia Briançon. Nani anaijua wilaya ile?

Kutoka: Mama Pacha, Lyon

Wandugu salaam. Mzee wangu amepata kazi ya jikoni hotelini karibu na Briançon, hukuhuku Ufaransa, ajira ya kudumu, kwa hiyo mwezi wa tisa tunahama na watoto wawili, na wa tatu yuko njiani. Nimetazama ramani mpaka macho yameuma. Mmoja kaniambia makao makuu ni Gap, mwingine Marseille, wa tatu anasema mambo ya huko huishia Grenoble. Nimwamini nani? Na karatasi zangu za ukaazi nizipeleke wapi?

Kutoka: Mjomba wa Gap

Mama Pacha, hongera kwa kazi na kwa mgeni anayekuja. Wote watatu wamekwambia kweli, na hapo ndipo watu wanapopotelea.

Unakwenda mkoa wa Hautes-Alpes, namba 05. Ni mkubwa wa eneo, zaidi ya kilomita za mraba 5,500, ila watu ni kama 140,000 tu. Sehemu kubwa ni mawe na misitu. Una wilaya mbili, wao huziita arrondissement: Gap na Briançon. Gap ndiko aliko prefekti. Kwa sisi tuliokulia Tanzania, huyo mfananishe na mkuu wa mkoa: anateuliwa na Rais, hapigiwi kura. Briançon yupo naibu wake, kama DC wetu. Meya ni habari nyingine, yeye anatokana na madiwani waliochaguliwa na wakazi.

Kibali chako cha ukaazi ni cha prefekti, yaani Gap. Maombi mengi siku hizi yanapita mtandaoni, na kubadilisha anwani pia. Una miezi mitatu tangu kuhama kutoa taarifa, usiiache ipite. Mimi nilipofika nilibeba faili langu mpaka kwa meya wa kijijini kwetu, nimevaa na koti la suti. Dada wa mapokezi alinihurumia, akanipa kahawa, kisha akanionyesha njia ya stendi.

Huyo mtoto atakayezaliwa: uzazi unaandikishwa kwenye ofisi ya meya wa mahali alipozaliwa, si mnapoishi. Mna siku 5, siku ya kujifungua haihesabiwi. Mzee asiseme atakwenda wikiendi ijayo.

Shule nayo ina wenyewe wengi. Jengo la shule ya msingi ni la komuni, yaani mji au kijiji chenye meya wake, la collège (sekondari ya chini) ni la mkoa, la lycée (sekondari ya juu) ni la jimbo, yaani mikoa kadhaa pamoja, na jimbo lenu ni Provence-Alpes-Côte d'Azur, makao yake Marseille. Basi la wanafunzi ni la jimbo pia. Likichelewa usimpigie meya, atakusikiliza kwa adabu na halitafika mapema. Taka ni za umoja wa komuni 13 za Briançonnais, yaani eneo la Briançon. Ukinyimwa kibali ukataka kushtaki, mahakama ya mambo ya serikali iko Marseille. Ila kesi ya kawaida huanzia Gap na rufaa yake inapanda Grenoble. Nani alipanga hivi sijui, lakini ukitazama milima unaanza kumwelewa.

Maana Gap na Briançon zimeungana kwa bonde moja tu, la mto Durance. Barabara ya N94 na reli zinalifuata, zinapita Embrun kando ya bwawa la Serre-Ponçon, karibu kilomita 90. Kushoto ukipanda ni safu ya Écrins, kilele chake mita 4,102, hakuna mkato. Briançon yenyewe iko mita 1,326. Wiki ya kwanza utahema kwenye ngazi.

Kutoka: Ndugu wa Bukavu, Grenoble

Jambo kwenu. Mimi nilifanya kazi La Grave, iko wilaya hiyohiyo ya Briançon. Kutoka huko kufika Briançon ni lazima upande njia ya mlimani ya Lautaret, mita 2,058. Theluji ikitishia kuporomoka wanafunga, basi unangoja. Kwa hiyo watu wa kule wanatazama upande wa Isère, mkoa wa Grenoble, kununua vitu, kazi, hata shule. Mwaka 2015 mlima ulisogea juu ya handaki la Chambon na barabara ya kwenda Grenoble ikafungwa. Tulivuka ziwa la Chambon kwa mashua mpaka wakatengeneza njia ya dharura ng'ambo ya pili.

Jambo lingine, likizo. Shule za Ufaransa zimegawanywa kanda, kila moja na tarehe zake. Hautes-Alpes inafuata Aix-Marseille, kanda B. Grenoble na Lyon ni kanda A. Mama, kama watoto walizoea kwenda kwa shangazi yao Lyon likizo ya Februari, angalia tarehe kwanza.

Kutoka: Mama Pacha

Mungu awabariki. Tumepata nyumba, anwani imeandikwa 05100, nikajua tuko Briançon. Leo mwenye nyumba ananiambia komuni ni Puy-Saint-Pierre. Amenichanganya tena.

Kutoka: Mjomba wa Gap

Hajakosea. Namba hiyo ya posta wanaitumia komuni kadhaa za jirani, hata Montgenèvre kule mpakani. Watoto waandikishe shule kwa meya wa Puy-Saint-Pierre. Lakini ukijifungulia hospitali ya Briançon, mtoto anaandikishwa Briançon.

Na mkienda Italia kununua vitu, kila mtu abebe pasipoti na kibali chenyewe, si picha ya simu. Polisi hukagua pale Montgenèvre.

Gari mnalo? Kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi huku lazima liwe na tairi za theluji zote nne, au minyororo ndani ya buti. Mkichagua minyororo, mzee aifunge na kuifungua mara mbili tatu mwezi wa tisa, mbele ya nyumba, lami ikiwa kavu. Mimi mara ya kwanza niliifunga usiku, tochi mdomoni, vidole havisikii kitu, nikamaliza ndipo nikaona nimefunga magurudumu ya nyuma. Gari langu linavutwa na ya mbele.