Mtoto wa miaka miwili ameambiwa amedumaa: kuna kinachoweza kurekebishwa?

Baba Tumaini, Makambako

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwanangu wa kiume ametimiza miaka miwili mwezi huu. Tangu azaliwe tumempeleka kliniki bila kukosa, na mstari wa uzito kwenye kadi yake haujawahi kutoka kwenye rangi ya kijani. Safari hii alikuwa na kilo 10.8. Kilichotushtua ni kwamba katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji alipimwa pia urefu, akapata sentimita 79.5 akiwa amesimama, na mhudumu akatueleza kwamba amedumaa. Mtoto anakimbia, anacheza, na hajawahi kulazwa.

Nyumbani kwetu hakuna njaa. Tunalima mahindi, maharage na viazi mviringo, tuna miti ya parachichi, ng'ombe mmoja wa maziwa na kuku. Mama yangu anasema ukoo wetu ni wa watu wafupi, kwa hiyo hakuna la kuhofia. Majirani wao wanasema mtoto amebemendwa, kwa sababu mke wangu alishika mimba akiwa bado ananyonyesha, tukamwachisha ziwa akiwa na mwaka mmoja na miezi minane. Mimba hiyo sasa ina miezi minne.

Naomba kueleweshwa. Inawezekanaje uzito uwe mzuri na bado mtoto awe amedumaa? Je, anaweza kurefuka akawafikia wenzake? Na linaloninyima usingizi zaidi ni habari kwamba udumavu hugusa akili. Kama ni kweli, je, akili imeshaharibika moja kwa moja, au bado kuna tunaloweza kulifanya?

Afisa Lishe, Nyanda za Juu

Baba Tumaini, pole kwa mshtuko, na hongera kwa kuuliza mapema.

Niuchukue kwanza uzito. Ule mstari wa kijani unalinganisha uzito na umri peke yake. Mtoto aliyedumaa mara nyingi ana uzito unaolingana vizuri na kimo chake kifupi, kwa hiyo hakondi, hachoki kucheza, na mzazi hana sababu ya kushtuka. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, mvulana wa miezi 24 anayepimwa akiwa amesimama huwa na wastani wa sentimita 87.1, akiwa chini ya 81.0 anahesabiwa kuwa amedumaa, na akiwa chini ya 78.0 udumavu ni mkali. Mwanao yuko katikati ya mipaka hiyo miwili. Hata hivyo, ombeni apimwe tena, bila viatu, visigino na kisogo vikigusa ubao, kwa sababu mtoto anayehangaika hupoteza sentimita moja au mbili kwa urahisi kabisa, na kwa umri huu sentimita mbili ni nyingi.

Kuhusu ukoo: viwango hivyo vilitokana na watoto waliolelewa vizuri katika nchi sita, yaani Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, na watafiti walikuta kwamba watoto hao walikua kwa namna inayofanana sana licha ya asili zao kutofautiana. Urithi upo, na katika familia moja moja unaweza kueleza mengi. Lakini hauwezi kueleza hali ya mkoa mzima. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, huku Iringa ikiwa na asilimia 56.9, Njombe 50.4 na Rukwa 49.8. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi. Bibi wa Tumaini anaposema kwamba ukoo ni mfupi anasema alichokiona kwa macho yake, ila inawezekana kabisa kwamba yeye na wazee wake nao walidumaa utotoni.

Basi tatizo liko wapi katika nyumba yenye ghala lililojaa? Kwa ninayoyaona kazini, liko kwenye bakuli la mtoto. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa karibu sentimita 50, huongeza takribani 25 mwaka wa kwanza na takribani 12 mwaka wa pili. Baada ya hapo kasi hushuka hatua kwa hatua hadi sentimita 6 au 7 kwa mwaka, kisha hupungua kidogo zaidi hadi balehe inapomsukuma tena. Katika miaka hiyo miwili ya mbio kubwa kuliko zote, mtoto wa kwetu hupewa uji mwepesi wa mahindi. Tumbo lake ni dogo, uji ni maji matupu, na mahindi yenyewe yana fitate zinazozuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki. Wakati huohuo maziwa yamekwenda kwa mnunuzi na mayai yamekwenda mnadani. Siwalaumu wazazi, maana ada na mbolea zinatoka hukohuko. Lakini nasema wazi kwamba yai moja kwa siku linalobaki nyumbani kwa ajili ya mtoto huyu lina thamani kuliko bei yake sokoni.

Jaribuni kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, umwage maji, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu mpaka uchipue, kisha uukaushe juani na kuusaga. Pika uji mzito kiasi cha mwiko kusimama, uache upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea na ukoroge. Uji utalegea ukiuangalia, bila kuongeza hata tone la maji. Urudishe motoni uchemke tena, halafu ongeza maziwa au karanga zilizosagwa. Kwa namna hiyo kikombe kilekile kinabeba unga mwingi zaidi. Tumaini sasa anapaswa kula milo mitatu kamili na vitafunwa viwili katikati, na awe na sahani yake mwenyewe. Kwenye sinia moja na wakubwa, mtoto wa miaka miwili hushindwa kabla hajaanza. Parachichi mpeni kwa wingi kwa ajili ya mafuta yake, lakini lisichukue nafasi ya yai, maziwa, dagaa au nyama.

Muuguzi Mstaafu, Tanga

Mwanangu Baba Tumaini, nimefanya kazi ya wodi ya watoto na kliniki maisha yangu yote, na naomba niliseme hili la kubemenda kwa heshima, kwa kuwa limewaumiza wanawake wengi.

Tendo la ndoa haliharibu maziwa ya mama wala halimdhuru mtoto anayenyonya, na mimba isiyo na matatizo haimlazimu mama kuacha kunyonyesha. Wazee waliona jambo la kweli, kwamba mtoto anayefuatwa upesi na mdogo wake hudhoofika, lakini sababu waliyoitaja siyo. Mtoto hudhoofika kwa sababu huachishwa ziwa ghafla pasipo kupewa chakula cha kujaza pengo lile, na kwa sababu mama aliyechoka ana mikono miwili tu. Ndiyo maana tunashauri wazazi wasubiri angalau miaka miwili tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Mkeo hakumfanyia mtoto ubaya wowote. Tafadhali mwambie hivyo, na mama yako naye asikie.

Sasa niingie kwenye akili, ambako ndiko moyo wako ulipo. Ni kweli kwamba udumavu huambatana na kuchelewa kujifunza, kwa kuwa ubongo nao hukua kwa kasi miaka ileile. Ila kimo na akili havifungwi kwa mlango mmoja. Huko Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1986 na 1987, walichukuliwa watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa kati ya miezi 9 na 24. Baadhi yao walipewa chakula cha nyongeza. Wengine walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya wa jamii, waliomfundisha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka 20 baadaye, waliochezeshwa na kuzungumzishwa walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa, na walikuwa wamewafikia watu wa rika lao ambao hawakudumaa. Chakula cha nyongeza peke yake hakikuacha alama hiyo katika kipato chao.

Sisemi chakula kiachwe, mwanangu. Nasema uongeze jambo lisilokugharimu kitu. Ukirudi shambani, mkalishe mbele yako, mpe vifuniko vya chupa avipange vikubwa na vidogo, mtajie jina la kila kitu unachokishika, na umsubiri ajibu. Wababa wengi hudhani mtoto ataanza kufundishwa akifika darasani. Wewe anza jioni hii.

Mkaazi wa Kakamega

Ningependa kuongeza jambo moja, kwa kuwa huku kwetu magharibi mwa Kenya, pamoja na Bungoma na Vihiga, ulifanyika utafiti mkubwa uliolinganisha lishe, maji safi, vyoo na kunawa mikono. Makundi yaliyopata maji, vyoo na sabuni pekee hayakuongezeka kimo. Yaliyopata ushauri wa lishe pamoja na chakula cha nyongeza yaliongezeka, ingawa kwa kiasi kidogo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Choo na sabuni vina faida zake nyingine, na msiviache; lakini yeyote atakayekuambia kwamba ndoo ya kunawia itamrefusha mtoto anakupa tumaini lisilo na msingi.

Baba Tumaini, Makambako

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Maneno ya mama yetu wa Tanga nimemsomea mke wangu, na alinyamaza kwa muda mrefu kabla ya kusema ahsante. Nina maswali mawili yaliyobaki. Je, wakati wa balehe mtoto anaweza kufidia kimo? Na huyu aliye tumboni tumwandalieje, ikizingatiwa kwamba mke wangu mwenyewe ana sentimita 148?

Afisa Lishe, Nyanda za Juu

Balehe hufidia kiasi, na kwa baadhi ya watu hufidia sana. Katika kijiji cha Keneba nchini Gambia, vijana waliokuwa wafupi utotoni walichelewa kubalehe na wakaendelea kurefuka kwa muda mrefu kuliko kawaida, wavulana hata baada ya miaka 20. Hata hivyo mfano huo usikufanye ungoje, kwa kuwa sehemu kubwa ya kilichopotea kabla ya miaka miwili hairudi. Kazi ya miaka inayofuata ni kuzuia pengo lisipanuke: apate matone ya vitamini A na dawa za minyoo kila baada ya miezi sita, apimwe urefu kila miezi mitatu, na atakapofika miaka 12 au 13 asiende shule na tumbo tupu, maana mwili utakuwa unadai upya.

Kwa aliye tumboni, siku zake 1,000, yaani tangu mimba kutungwa hadi atimize miaka miwili, zimekwisha kuanza kuhesabiwa, na tofauti na za Tumaini, nyingi bado ziko mbele yenu. Mke wako ameze kila siku vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, aongeze mlo mmoja juu ya milo yake ya kawaida, na apate sehemu ya maziwa hayo kabla ndoo haijatoka uani. Mvua zikianza asibebe mbolea wala kuni. Kazi nzito na chakula kidogo ndivyo vinavyozaa watoto wadogo, na mtoto aliyezaliwa mdogo huanza mbio akiwa nyuma. Akijifungua, mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, pasipo maji wala uji, kisha ndipo bakuli lianze, na yai liwemo tangu mwanzo.

Kimo chake cha sentimita 148 kinahitaji hatua ya ziada. Mama aliye chini ya sentimita 150 ana hatari kubwa zaidi ya nyonga kuwa nyembamba na uchungu kukwama. Hakikisheni kimo hicho kimeandikwa kwenye kadi yake, na katika hudhurio lijalo mwombeni mkunga apange tangu sasa ajifungulie kwenye kituo chenye huduma ya upasuaji. Akiba ya usafiri ianze kuwekwa mwezi huu.