Draiva inasema volti 2.8, mita inasoma 1.25. Niamini ipi?

waya_kongowea: Hamjambo wakubwa. Nisaidieni kabla sijaunguza kitu. Nina bodi ndogo ya Linux yenye chipu ya umeme AXP209, nataka njia yake ya kutolea umeme iitwayo LDO4 itoe volti 2.8 za kamera. Draiva, ile programu ya kuiamuru chipu, niliyopewa na aliyeniuzia bodi inaniandikia 2800000, hizo ni maikrovolti, kana kwamba mambo yako sawa. Nikiweka mita kwenye kapasita ya kutokea napata 1.25. Nimeazima mita nyingine, jibu ni lile lile. Kamera ni ya mteja na nimemuahidi Ijumaa. Chipu imekufa?

fundi_likoni: Kaka, hapo unapogusa umepasafisha? Hewa yetu ya chumvi huweka ule ukoga wa kijani kwenye risasi. Pangusa kwa spiriti, na ncha nyeusi iguse graundi ya kapasita hiyo hiyo, si bati la USB. Angalia na betri ya mita, ikichoka husoma juu kuliko ilivyo.

waya_kongowea: Nimepangusa, betri mpya. 1.25, haitikisiki.

mama_risasi: Kama haitikisiki si uchafu. Mwanangu, ile 2800000 si kipimo. Draiva haina mita ndani, inakurudishia ulichoomba. Chomoa kamera, omba volti moja moja, pima, andika.

waya_kongowea: Nimechomoa.
1.8 napata 1.80
2.0 napata 2.00
2.1 napata 2.50 (nimerudia mara tatu)
2.2 napata 2.70
2.3 napata 2.80

mama_risasi: Chipu yako nzima, tena inatii. LDO4 haipandi kwa hatua sawa. Draiva huiandikia namba, na kila namba ina volti yake: 0 ni 1.25, 1 hadi 8 ni 1.3 hadi 2.0, halafu inaruka: 2.5, 2.7, 2.8, kisha 3.0 hadi 3.3. Aliyeandika draiva alidhani ni 0.1 mpaka mwisho. Ukiomba 2.8, hesabu yake inatoa namba 16, na LDO4 ina biti 4 tu kwenye rejista 0x28, kile kisanduku cha chipu kinachohifadhi namba hiyo, mwisho 15. Ile 16 inakatwa, inabaki 0. Ndiyo 1.25 yako.

waya_kongowea: Basi niombe 2.3 tu nipate 2.8?

mama_risasi: Usithubutu! Siku mtu akiweka draiva yenye jedwali sahihi, ile 2.3 haitakupa 2.8 tena, na atakayehangaika ni mteja wako. Tumia draiva ya AXP20x iliyomo kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux yenyewe, ina mruko huo. Kabla ya kurudisha kamera soma rejista: tarakimu ya mwisho iwe b, ndiyo 11 kwa hesabu ya heksi, namba ya 2.8.

fundi_likoni: Na upime tena kamera ikiwa inapiga picha. Bila mzigo hujapima.

waya_kongowea: Shukran sana mama, na wewe kaka. Rejista inaishia b. Bila kamera 2.80, kamera ikipiga picha 2.77. Nimeiacha saa nzima, haijashuka zaidi.