Naombeni ushauri: kuwa mkadiria hasara za mafuriko Marekani, je, nilipie hiki cheti?

Zamu ya Usiku (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela ambayo ikishatoka hairudi.

Niko Houston, Texas, mwaka wa sita sasa. Kazi yangu ni bohari, napakia mizigo usiku, na mgongo umeanza kukataa. Kabla ya kuja huku nilikuwa fundi ujenzi, kupiga plasta na kupaua, kwa hiyo nyumba naielewa. Mwaka 2017 maji ya kimbunga Harvey yaliingia hadi nyumba ya jirani yangu mtaa ule niliohamia baadaye, na mpaka leo anamsimulia yule mkadiria hasara wa bima aliyekuja kumpimia. Hapo ndipo wazo lilipoingia.

Sasa kuna chuo kinatangaza mafunzo ya siku tano. Ukimaliza unapewa "cheti cha mafuriko", halafu dhoruba ijayo unapigiwa simu. Ada yao ni zaidi ya mshahara wangu wa mwezi mzima, na nina watoto wawili. Je, hicho cheti kinatambulika? Na kama siyo, mtu anaanzia wapi? Natanguliza shukrani.

Alama ya Maji

Mkuu, usilipe. Subiri kwanza nikueleze.

Bima nyingi za mafuriko za nyumba Marekani ziko chini ya mpango wa serikali kuu unaoitwa NFIP, ulioanzishwa kwa sheria ya 1968 na kusimamiwa na FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia majanga. Tangu 1983 kampuni binafsi nazo zinauza bima hiyo na kushughulikia madai, lakini masharti yake ni ya serikali na ni yale yale kwa kila kampuni. Ili upewe madai hayo unahitaji namba ya FCN, yaani kibali cha mkadiria kushughulikia madai ya mafuriko ya NFIP, na mwenye mamlaka ya kuitoa ni FEMA. Hakuna chuo kinachoweza kukuuzia. Cheti chao kinaweza kuonyesha umehudhuria darasa, basi.

Na FCN yenyewe haiji kirahisi. Kigezo kilichozoeleka ni miaka minne mfululizo ya kukadiria hasara za majengo kama kazi yako ya kila siku, pamoja na uwezo wa kuandaa makadirio sahihi ya hasara za ukubwa unaoombea. Ukishaipata, unapaswa kuhudhuria mkutano wa mafunzo ya madai ya NFIP kila mwaka ili ibaki hai.

Kwako wewe kitu cha kwanza ni leseni ya jimbo. Hapo Texas kuna kozi za saa 40 zilizoidhinishwa na Idara ya Bima ya jimbo. Ukifaulu mtihani wa ndani ya kozi, mtihani wa jimbo hufanyi. Unatoa alama za vidole, unalipia maombi, unasubiri. Kila miaka miwili unatakiwa kuonyesha saa 24 za kujiendeleza. Gharama yake haikaribii hata kidogo hiyo ada uliyotajiwa.

Mama Nasra

Naunga mkono. Nami ningeongeza Xactimate, ile programu ya kuandalia makadirio. Kampuni karibu zote zinaitumia. Mtu mwenye leseni asiyejua kuchora chumba humo na kuweka bei za kazi mstari kwa mstari, anaachwa. Jifunze hiyo hata kabla ya leseni.

Kanda Mita

Dada Nasra, hapo kwenye "kabla ya leseni" natofautiana nawe. Programu inalipiwa, na ukiinunua leo bila kazi, muda wa kuitumia unaisha ukiwa bado bohari. Apate leseni, ajiandikishe na kampuni kadhaa za ukadiriaji, aanze na madai ya kila siku: bomba limepasuka, paa limepigwa mvua ya mawe. Pale ndipo Xactimate inakaa kichwani. Mimi niliisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuwa na dai hata moja la kuifanyia mazoezi.

Zamu ya Usiku

Asanteni sana. Miaka minne imenishtua kidogo. Hakuna njia ya mkato halali? Na @Alama ya Maji, ujenzi wangu hautasaidia?

Alama ya Maji

Kuna mpango wa FEMA wa kuongeza idadi ya wakadiria, ambapo kampuni inawachukua watu wasiofikisha miaka hiyo na kuwafunza chini ya usimamizi wake. Lakini anayekuingiza ni kampuni, na inachagua wale iliyokwisha kuona kazi yao. Kwa hiyo madai madogo ya kila siku aliyoyataja Kanda Mita ndiyo mlango.

Ujenzi utakusaidia sana kwenye kupima. Unaingia ndani ya nyumba, unatafuta mstari wa maji ukutani, unaupima nje na ndani, unapiga picha kila chumba. Wewe ukiona jipsamu imelowa utajua unyevu umepanda juu kuliko mstari, utang'oa skatingi uangalie nyuma. Hilo wengi hufundishwa kwa tabu.

Penye ugumu ni kwenye maneno ya bima. Nilipelekwa New Jersey baada ya mabaki ya kimbunga Ida, Septemba 2021. Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya mafuriko, ingawa majengo nilikuwa nimekadiria miaka mitano. Mama mmoja alikuwa na chumba cha chini ya ardhi kilichotengenezwa vizuri, zulia, makochi, kuta zimepakwa rangi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilikosea. Kwenye chumba cha namna hiyo bima ya NFIP inalipia vitu vichache: tangi la maji moto, tanuru ya kupashia nyumba joto, sanduku la umeme, usafishaji, jipsamu isiyopakwa rangi na vingine vichache. Zulia na makochi havimo. Alikuwa ameshaagiza sakafu mpya kwa kutegemea neno langu. Nilirudi kwake kumweleza mwenyewe, na sitausahau uso wake.

Mkadiria hana mamlaka ya kuidhinisha wala kukataa malipo. Anapima, anaeleza, anapendekeza; mwenye kuamua ni kampuni ya bima. Usimwahidi mtu kitu.

Mama Nasra

Hapo umegusa penyewe. Mimi nakagua mafaili ofisini, na makosa ya wapya huwa ni yale yale. Wanachanganya upepo na mafuriko: paa lililong'olewa na upepo si la bima ya mafuriko hata kama maji yalijaa sebuleni. Wanasahau kwamba vyombo vya ndani hulipwa kwa thamani iliyobaki baada ya uchakavu, siyo bei ya kipya. Na hawamkumbushi mwenye nyumba kwamba hati ya uthibitisho wa hasara, iliyosainiwa kwa kiapo, ana siku 60 tangu siku ya hasara kuiwasilisha, isipokuwa FEMA iongeze muda. Unaweza kumsaidia kuiandaa, ila jukumu ni lake. Asipoambiwa, anaumia yeye.

Kanda Mita

Na kuhusu familia, kaka: usiache bohari mapema. Wengi wetu ni wa kujitegemea, hatuna mshahara. Mafuriko hulipwa kwa jedwali la ada linalofuata ukubwa wa dai, kampuni ya ukadiriaji inachukua sehemu yake, na hela inaweza kuchelewa ilhali hoteli na mafuta umeshalipa mwenyewe. Weka akiba ya miezi kadhaa kwanza.

Zamu ya Usiku

Nimewaelewa wakuu. Hicho chuo nimekipigia nikawauliza kama wanatoa FCN. Yule dada alisema "tunakuandaa" mara tatu, jibu lenyewe hakulitoa. Nimeacha. Wiki ijayo naanza kozi ya saa 40, nasoma mchana baada ya kulala kidogo. Swali la mwisho: maneno ya hiyo bima nayapata wapi, na nianze na fomu ipi?

Alama ya Maji

Yako bure kwenye tovuti ya FEMA, pamoja na mwongozo wao wa madai. Fomu, yaani mikataba yenye masharti ya bima, ziko tatu: ya makazi, ya mali za jumla, na ya majengo ya kondominia (jengo moja lenye nyumba za wamiliki mbalimbali). Anza na ya makazi. Soma kwanza sehemu ya fasili, hasa "mafuriko" na "chumba cha chini ya ardhi", kisha mali zisizolipwa. Viwango vya juu andika pembeni: jengo la familia moja dola 250,000, vyombo dola 100,000. Ukikwama kwenye kifungu, kilete hapa tukisome pamoja.