Uliyefanyiwa operesheni ya mguu, siku za mwanzo nyumbani uliishije? Tupeane uzoefu

#1
Wakuu habari zenu. Nimeruhusiwa hospitali juzi, nina chuma ndani ya mfupa wa muundi, nyuzi bado hazijatolewa. Kule wodini kumbe kila kitu kilikuwa kinafanyiwa mtu, kitanda kinapandishwa, dawa zinaletwa kwa saa, chooni kuna vyuma vya kushikilia. Hapa nyumbani kochi liko chini mpaka kuinuka ni vita, choo kiko mbali, na magongo yakishashika mikono yote miwili hata kikombe cha maji sibebi. Karatasi ya kuruhusiwa inasema nisikanyagie mguu na tarehe ya kurudi kliniki, basi. Maumivu navumilia, kinachonitesa ni mguu kuvimba ikifika jioni mpaka ngozi inang'aa, na usiku usingizi hakuna. Ya dawa nitamuuliza daktari, nyie nawaomba ya nyumbani, mlilalaje, mlioga vipi, mnaokaa wenyewe mlifanyaje.

#2
Pole sana mkuu. Mimi ilikuwa kifundo, waliweka bamba na skrubu. Huo uvimbe wa jioni naujua, ukikaa mguu unaning'inia damu inashuka na ile misuli ya kigimbi inayosukuma damu kurudi juu imelala kwa sababu hutembei. Sasa watu wengi tunaweka mguu kwenye stuli tukiwa tumekaa tunaona tayari tumeinua, hapo bado kabisa, mguu unatakiwa upite usawa wa moyo, yaani ulale chali halafu mguu uwe juu kuliko kifua chako. Mito ishike kigimbi chote, kisigino kibaki hewani, maana kisigino kikikandamizwa muda mrefu kinatoka kidonda na hicho kidonda kinaweza kukusumbua kuliko mshono wenyewe. Shida ya mito ni kwamba usiku inateleza, ukishtuka saa nane mguu uko chini na unagonga kama moyo umehamia huko. Mdogo wangu akaja na wazo la kuweka mito CHINI ya godoro upande wa miguuni, godoro lenyewe likainuka, na toka hapo nikaanza kulala. Na vidole vichezeshe kila ukikumbuka, kifundo pia kama hakijafungwa na daktari hajakataza.

#3
Naongezea kwa aliyefanyiwa GOTI, hayo ya mito yasomwe kwa makini. Goti usiliwekee mto chini yake hata kama unasikia raha kiasi gani, linazoea kujikunja na kulinyoosha baadaye ni kilio. Mto uende chini ya kifundo ili goti linyooke lenyewe. Mtu wa mazoezi ya viungo alinipa zoezi ambalo kwa kuliangalia tu unaweza kulidharau, unalala umenyoosha mguu, unakaza paja kama unataka kulizamisha goti kwenye godoro, unahesabu mpaka tano unaachia. Nilikuwa nalia jamani. Paja lilikuwa limeshakonda, ukiliweka na mwenzake utadhani ni la mtu mwingine, na mwanzoni nakaza halitikisiki kabisa, natazama tu. Kilichonisaidia ni kupanga zoezi lije baada ya dawa ya maumivu kuanza kufanya kazi, badala ya kunywa dawa baada ya kuumia. Msiache mazoezi kwa sababu mshono umepona, mshono ni ngozi tu, mfupa wa muundi kama wa mleta mada unachukua miezi na sigara inauchelewesha, anayevuta huu ndio wakati wa kuacha.

#4
Mimi siyo mgonjwa, nilikuwa muuguzaji wa mume wangu, naomba na sisi tusikilizwe. Wiki ya kwanza niliona anakunywa maji kidogo sana nikadhani hana hamu. Kumbe alikuwa anajibana makusudi asije akaniamsha usiku kumpeleka chooni. Nililia siku aliponiambia. Na zile dawa kali za maumivu zinafunga choo, sasa changanya na mtu hanywi maji na muda wote yuko kitandani, alipata shida kubwa ya tumbo kuliko hata ya mguu. Tukanunua chombo cha mkojo kikakaa pembeni ya kitanda, taa ndogo ikawa inawaka usiku kucha, nikamwambia baba, kuniamsha siyo kosa, kazi yangu mimi hapa ni hiyo. Wagonjwa kunyweni maji, na ukiona choo kimegoma mwambie daktari mapema akupe cha kulainisha, usione aibu. Na ndugu mnaokuja kuona mgonjwa, mpokeeni muuguzaji hata saa mbili akalale, hiyo inazidi zawadi yoyote mtakayoleta.

#5
Hapa kwenye kuvimba naomba mtu asipite haraka. Uvimbe wa kawaida ukilala umeinua mguu asubuhi unakuta umepungua. Wangu siku moja uliamka vilevile, kigimbi kigumu, cha moto, kikiguswa kinauma, tena maumivu yako mbali na mshono. Dada yangu akasema twende hatusubiri tarehe ya kliniki. Kupimwa, damu imeganda kwenye mshipa. Nikaanzishiwa dawa ya kuzuia damu isigande. Hilo donge likichomoka linakimbilia kwenye mapafu, kwa hiyo ukisikia pumzi imekatika ghafla, kifua kinachoma ukivuta hewa, au unakohoa damu, hapo ni hospitali dakika hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Kama umepewa dawa za kuzuia damu kuganda zimalize zote. Na wenye plasta ngumu, vidole vikifa ganzi, vikiwa vya baridi au vya bluu, au maumivu yanapanda na dawa haishiki, usikubali mtu akuambie vumilia. Usaha, harufu, homa, wekundu unaosambaa, navyo hivyo hivyo.

#6
Ya magongo kwa kifupi. Uzito uende kwenye viganja, ukijitundika kwa kwapa mishipa ya fahamu inabanwa mikono inakufa ganzi. Ngazi, kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka magongo na mguu mgonjwa ndio vinatangulia. Toa mikeka na zulia dogo njiani, futa maji sakafuni. Kubeba vitu tafuta begi la mgongoni, maji yawe kwenye chupa yenye kifuniko.

#7
Mimi nilikuwa naishi peke yangu, rafiki yangu akawa anapita asubuhi na jioni. Alinipangia vitu vyote usawa wa kiuno, dawa, chaja, nguo, chupa ya maji, hakuna cha kuinama wala kurukia. Bafuni kiti imara cha plastiki, mguu umefungwa mfuko na uko nje ya maji, naoga nimekaa na simu iko karibu. Ila mleta mada hakuna aliyeniambia kuhusu mawazo. Mwili umetulia, watu wamerudi makazini, nyumba kimya, ndipo nikaanza kukosa hamu hata ya kuoga. Nilimwambia daktari siku ya kutoa nyuzi na hakulipuuza, nawe ukifika huko mtajie.

#1
Nawashukuru sana, nimesoma yote na mke wangu amesoma. Mito imeshaingia chini ya godoro, kochi tumeliongezea godoro dogo juu sasa nainuka. Dada wa #4 umenigusa, maana na mimi kwenye maji nilikuwa najibana hivyo hivyo na yeye hakujua mpaka leo aliposoma. Wengine endeleeni, hasa waliofika hatua ya kuruhusiwa kukanyagia, ile siku ya kwanza unagusisha mguu chini unasikia nini na unajuaje kwamba maumivu hayo ni ya kawaida?