Indiketa za kushoto zinabaki zimewaka bila kuzima, na flasha ni mpya

GariLaKale

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu. Nina gari la Uingereza la mwaka 1971, la volti 12 na ethi ya hasi (nguzo ya hasi ya betri imefungwa kwenye bodi, na mkondo wa taa hurudi kupitia humo), ambalo waya zake ni zilezile za kiwandani. Nikiwasha indiketa ya kulia, taa za mbele na nyuma huwaka na kuzima, ingawa polepole. Nikiwasha ya kushoto, taa zote mbili hubaki zimewaka, na ya nyuma hutoa mwanga hafifu. Nikikanyaga mafuta injini ikapanda, upande wa kushoto nao huanza kupepesa kwa kusitasita. Usiku, taa ndogo zikiwa zimewashwa, taa ndogo ya nyuma kushoto hufifia kila indiketa ya upande huo inapowaka. Hazadi, yaani indiketa zote kupepesa kwa pamoja kama tahadhari, inafanya kazi pande zote. Nimekwisha kufunga flasha mpya (kifaa kinachozifanya indiketa zipepese) ya aina ileile, yenye ncha mbili: B ya umeme unaoingia na L ya kwenda kwenye taa, lakini hakuna kilichobadilika. Nimeshauriwa kununua swichi nzima ya usukani, nayo ni adimu. Kabla sijaingia gharama hiyo, ningependa kujua kama dalili hizi kweli zinaielekea swichi hiyo.

WayaNaMoto

Ndugu, usinunue swichi kwanza. Dalili ulizozieleza, hasa ile ya taa ndogo kufifia pamoja na indiketa, zinaelekeza kwenye ethi mbovu ya taa ya nyuma kushoto, na juu ya hilo nashuku kwamba moto, yaani umeme, unaofika kwenye flasha wenyewe ni pungufu.

Sababu ni namna flasha ya zamani inavyofanya kazi. Ndani yake kuna ukanda wa metali unaopashwa joto na mkondo uleule unaokwenda kwenye balbu. Ukipata joto la kutosha hujikunja na kuachanisha sehemu zinazogusana, taa zinazimika, ukanda unapoa, na mzunguko unaanza upya. Flasha hiyo imepimwa kwa balbu mbili za wati 21, yaani wati 42, ambazo kwa volti 12 huvuta takribani ampea 3.5. Chochote kinachopunguza mkondo, kiwe balbu iliyoungua, kutu kwenye soketi au ethi iliyolegea, huinyima flasha joto lake, nayo huchelewa au hukwama taa zikiwa zimewaka. Ndiyo maana flasha mpya haikusaidia, na ndiyo maana injini ikipanda na jenereta ikifikisha volti 14 hivi, upande wa kushoto unapata nguvu ya kupepesa. Kiwango cha kawaida ni kati ya mipepeso 60 na 120 kwa dakika.

Anza na balbu, kwa sababu ni kazi ndogo: hakikisha kila indiketa ina balbu ya wati 21, kwani nimeona magari mengi yaliyowekewa ya wati 5 kwa sababu tu kitako chake kiliingia. Kisha chomoa waya mbili za flasha na uziunganishe moja kwa moja kwa kipande cha waya, ufungue swichi ya funguo, na uwashe indiketa. Taa zitawaka bila kupepesa, nawe utaweza kupima kwa utulivu badala ya kuikimbiza mita inayorukaruka. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, si kwenye bodi, kisha gusisha ncha nyekundu kwenye kikombe cha chuma kinachoshika balbu. Ethi nzuri itasoma karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti taa ikiwa imewaka, kuna tatizo. Pima pia moto unaofika kwenye waya ya kijani iliyokuwa kwenye ncha B, na pande zote mbili za fyuzi yake. Usitosheke na kipimo cha waya isiyo na mzigo, kwa maana hata muunganiko uliooza husoma volti 12 kama hakuna mkondo unaopita.

Mzee wa Karakana

Mimi ningefunga flasha ya kielektroniki na balbu za LED, nikamaliza shida siku hiyohiyo. Flasha ya aina hiyo haijali mzigo, hupepesa kwa mwendo mmoja hata betri ikiwa imechoka.

WayaNaMoto

Kwa heshima, mzee wangu, hapo natofautiana nawe. Flasha ya kielektroniki isiyotegemea mzigo itaifanya taa ya kushoto ipepese, lakini ethi mbovu itabaki palepale, na taa ndogo itaendelea kufifia. Tena, nyingi kati ya hizo zinahitaji waya ya tatu ya ethi, na hujali chanya na hasi. Magari kadhaa ya Uingereza ya kabla ya miaka ya 1970 yalikuwa na ethi ya chanya, na kifaa kilichofungwa kinyume kinaweza kufa papo hapo. Baadhi yake pia hazibadilishi mwendo balbu ikiungua, ilhali huo ndio ulikuwa uzuri wa flasha ya zamani: ilimwambia dereva kwamba kuna taa imekufa.

GariLaKale

Nashukuruni nyote. Balbu zote nne ni za wati 21, na nimepima kama nilivyoelekezwa. Betri inasoma volti 12.3 taa zikiwa zimewaka. Kwenye kikombe cha balbu ya nyuma kushoto napata volti 4.1, na kwenye vikombe vingine vitatu napata 0.1 tu. Indiketa ya kulia ikiwa imewaka, waya ya kijani kwenye flasha inasoma 10.9. Upande mmoja wa fyuzi ni 12.0 na mwingine ni 11.1, na fyuzi yenyewe inapata joto mkononi.

WayaNaMoto

Vipimo hivyo vimejieleza vyenyewe. Volti 4.1 zinapotea kati ya balbu ya nyuma kushoto na betri, kwa hiyo balbu inabaki na takribani volti 6 na nusu kati ya 12. Taa ndogo inatumia ethi hiyohiyo, ndiyo maana inafifia indiketa inapovuta mkondo. Ondoa taa nzima, kwangua rangi na kutu pale inaposhikana na bodi mpaka chuma king'ae, na kama kikombe kimelegea kwenye sahani yake, vuta waya mpya nyeusi kutoka kwenye kikombe hadi kwenye boliti safi ya bodi. Paka grisi baada ya kukaza, si kabla.

Tatizo la pili ni la pande zote mbili: karibu volti nzima inapotea kwenye fyuzi. Fyuzi ya kioo haiozi ndani mara nyingi. Kinachooza ni vishikizo vyake. Tenganisha betri, toa fyuzi, piga msasa mwembamba vishikizo na vifuniko vya fyuzi, kisha vibane vishikizo kidogo ili vishike kwa nguvu. Usiweke fyuzi yoyote iliyoandikwa 35 ukadhani ni sawa: ile ya asili ya Uingereza ya ampea 35 huungua kwa kiwango hicho, lakini hubeba ampea 17 tu kwa mfululizo. Fyuzi za mifumo mingine huandikwa kiwango cha kubeba, na ya 35 ya namna hiyo itaacha waya zako ziungue kabla haijakatika.

Volti 0.2 zilizobaki kati ya fyuzi na flasha huenda ziko kwenye swichi ya hazadi, kwa sababu katika magari mengi moto wa indiketa hupitia humo. Ibonyeze na kuiachia mara nyingi mfululizo. Swichi ambayo haiguswi hufanya utando wa kutu kwenye sehemu zinazogusana. Ukubwa wa upotevu huo hata hivyo hauhalalishi kuifungua.

GariLaKale

Nimesafisha ethi na vishikizo vya fyuzi. Kikombe cha nyuma kushoto sasa kinasoma 0.1, waya ya kijani inasoma 11.8, na pande zote mbili zinapepesa kwa mwendo mmoja injini ikiwa imezimwa. Swichi ya usukani sijaigusa. Limebaki jambo moja dogo: taa ya kijani ya dashibodi kwa upande wa kushoto haiwaki.

Mzee wa Karakana

Hiyo itakuwa balbu yake ndogo au soketi iliyochomoka nyuma ya saa za vipimo za dashibodi. Ibadilishane na ya upande wa kulia. Ikiwaka huko, tatizo liko kwenye soketi na si balbu.